Sukuma zimenyauka na udongo umeloa chepechepe. Nimekosea wapi?

Mama_Magunia · Jumapili, saa 2 usiku

Wadau, habari za jioni. Nina magunia sita ya sukuma wiki juu ya paa la ploti tunayopanga hapa Umoja. Msimamizi aliniruhusu mradi maji yasimvujie jirani wa chini. Huu mwezi wa tatu navuna, na mama mboga wa hapa nje ameanza kuniuliza kama nimehama.

Jumatano nilipita agroveti fulani nikapimiwa nusu kilo ya mbolea ya CAN, ikafungwa kwenye gazeti. Nikauliza inatiwaje. Nikajibiwa, "Rushia tu, mama, zitanawiri." Haya. Mimi na mkono wangu huu nikatia konzi mbili kila gunia. Nilipofika gunia la nne mbolea ikaisha, kwa hiyo mawili ya mwisho hayakupata kitu.

Alhamisi mchana majani yamelala. Nikasema hiyo ni kiu, nikaongeza kopo moja la maji kila gunia. Jioni nikaongeza jingine. Ijumaa ncha zimekuwa kahawia, utadhani zimepitishwa kwenye jiko. Udongo ukiubinya unachuruzika maji! Na yale mawili yaliyokosa mbolea yamesimama wima yananitazama.

Swali langu: mmea unawezaje kufa kiu huku mizizi iko majini? Jirani anasema ni jicho.

Mbishi_wa_Mtaa · saa 2:10

Ni jicho. Mods fungeni uzi.

Kijana_wa_Marikiti · saa 2:25

Mama, umeziunguza kwa mbolea. Sisi sokoni mboga hizo tunazijua kwa ncha zake. Sukuma iliyolegezwa na jua tu haina shida: unaitumbukiza kwenye beseni, nusu saa hivi inasimama, mteja anaapa imechumwa asubuhi. Hiyo ya mbolea hata uilaze kwenye beseni usiku kucha, ile kahawia hairudi kijani.

Mama_Magunia · saa 2:31

Ziungue vipi na hakuna moto? Mbolea yenyewe ni baridi, nimeishika kwa mkono.

Mwalimu_wa_Maabara · saa 3:05

Dada, kabla sijajibu: usiongeze kopo hata moja tena. Nitaeleza kwa nini.

Tuanzie jikoni. Umewahi kukata kitunguu na nyanya za kachumbari, ukatia chumvi mapema, wageni wakachelewa? Unarudi unakuta bakuli lina supu. Hukutia maji. Yale maji yametoka ndani ya kitunguu na nyanya, na vipande vimekuwa legelege. Magunia yako ndiyo hiyo kachumbari, isipokuwa badala ya chumvi ya mezani umetia ya agroveti. CAN nayo ni chumvi. Ikiyeyuka, maji ya udongoni yanajaa kalsiamu, amoniamu na naitreti.

Sasa ingia ndani. Jani na mzizi vimejengwa kwa seli. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba unaopitisha maji kwa urahisi lakini chumvi na sukari unazibania, hazipiti ovyo. Maji hayatulii. Muda wote yanavuka utando kwenda na kurudi. Kama upande mmoja una vitu vingi vilivyoyeyuka, maji yaliyo huru kuvuka kutoka upande huo ni machache, kwa hiyo kwa jumla yanayohamia huko ni mengi kuliko yanayotoka. Huko kuhama ndiko kunaitwa osmosisi.

Siku za kawaida seli za mzizi zina chumvi na sukari nyingi kuliko maji ya udongoni, basi maji yanaingia yenyewe, bila pampu. Wewe umegeuza mizani. Nje kumekuwa kukali kuliko ndani, maji yamegoma kuingia, na mengine yaliyokuwa ndani yametoka. Udongo umeloa kweli, lakini kwa mzizi huo ni ukame.

Kuhusu kulegea: sukuma haina mfupa. Inasimama kwa sababu kila seli imejaa maji. Chukua gurudumu la baiskeli. Tairi la nje ni ukuta wa seli, mgumu kiasi. Tyubu ya ndani ni utando pamoja na mfuko mkubwa wa maji, vakuoli. Tyubu ikijaa inakandamiza tairi na gurudumu linakaza. Na usidhani presha yenyewe ni ndogo. Kwenye seli za mimea hufika hata kati ya mara 3 na 10 ya mgandamizo wa hewa, wakati tairi la gari dogo ni kama mara 2 tu na kidogo. Maji yakitoka tyubu inasinyaa. Yakizidi kutoka inabanduka kabisa kutoka kwenye tairi. Hali hiyo ni plasmolisisi, na seli ikikaa hivyo muda mrefu inakufa. Ncha zako za kahawia ni seli zilizokwisha kufa.

Kosa la makopo ni hili: maji kidogo yaliyeyusha chembe za mbolea zilizokuwa bado kavu juu, yakazishusha hadi kwenye mizizi yakaziacha hapo hapo. Kesho asubuhi okota chembe zote unazoziona. Kisha mwaga maji kwa mtungi, si kwa kopo, mpaka yatoke chini ya gunia. Pumzisha, rudia. Kama ulipanga nguzo ya mawe katikati ya gunia, yatashuka vizuri.

Mama_Magunia · saa 3:14

Mawe nimepanga. Jirani wa chini ndiye sijampanga.

Mbishi_wa_Mtaa · saa 3:20

Mwalimu umezunguka Nairobi nzima. Chumvi inavuta maji. Maneno matatu, kwisha.

Mwalimu_wa_Maabara · saa 3:33

Jikoni maneno hayo matatu yanatosha. Yanapokwama ni hapa. Weka rundo la chumvi mezani kando ya glasi ya maji ukae uitazame. Glasi haitapungua kwa kuvutwa. Kinachofanya kazi ni utando katikati, na sharti uwe mzima.

Huniamini, fanya mwenyewe usiku huu. Kata vipande vitatu vya kiazi vyenye urefu sawa, vipime kwa rula. Cha kwanza kiweke kwenye maji matupu. Cha pili kwenye maji yenye vijiko vitatu vya chumvi. Cha tatu kichemshe kwanza kiive, kisha ukiweke nacho kwenye maji ya chumvi kama ya pili. Kesho pima tena. Nimesahihisha madaftari ya kidato cha kwanza miaka mingi, na hicho cha tatu ndicho huwaangusha.

Mbishi_wa_Mtaa · saa 3:36

Viazi ninavyo. Nitaleta majibu hapa hapa, uaibike.

Nesi_wa_Zamu · saa 5:50 usiku

Nimesoma nikiwa kwenye mapumziko ya zamu. Mwalimu kaeleza ya mimea, mimi nieleze ya damu kwa sababu huku ndiko makosa huua.

Seli ya mmea ina tairi, ndiyo maana ukiilowesha kwenye maji matupu inakaza tu haipasuki. Chembe nyekundu ya damu ni tyubu bila tairi. Iweke kwenye maji matupu: maji yanaingia, inavimba, inapasuka, wekundu wote unamwagika nje. Iweke kwenye maji ya chumvi kali: inatoa maji inakunjamana kama maharagwe makavu. Kwa hiyo dripu si "maji tu", kama ndugu mmoja wa mgonjwa alivyoniambia akitaka kujua kwa nini wasichemshe ya nyumbani wapunguze bili. Ile chupa ya kawaida ina gramu 9 za chumvi kwa lita moja, si kwa kubahatisha. Kwa kipimo hicho chembe ya damu haivimbi wala haisinyai.

Kuna jambo ambalo hata wanafunzi wetu hulipitia haraka. Dripu ya sukari ya asilimia 5 ikiwa kwenye chupa inalingana na damu vizuri. Lakini ikishaingia mwilini, seli zinaichukua ile sukari zinaitumia, yanabaki maji matupu. Ndiyo sababu mgonjwa anayeongezwa damu haunganishiwi dripu hiyo kwenye mrija mmoja na damu. Utaziharibu chembe ulizozitafuta kwa shida.

Mama_Magunia · Jumatatu, saa 12:40 asubuhi

Nesi, umenigusa. Mwaka jana mtoto wangu aliharisha nikampa ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari inayokorogwa kwenye maji, na shemeji akashangaa: "Unampa mtoto chumvi na sukari, si itamkausha kama kachumbari?" Sikuwa na jibu, nilimpa tu kwa sababu kliniki walisema.

Nesi_wa_Zamu · saa 1:55 asubuhi

Shemeji yako hakuuliza ujinga. Jibu liko kwenye kipimo.

Ukuta wa utumbo una milango ambayo chumvi na sukari huingia kwa pamoja, mkono kwa mkono. Sodiamu ya chumvi peke yake mlango huo haufunguki sawasawa, sukari ya glukosi peke yake vilevile. Vikija pamoja vinaingia kwenye seli, kisha damuni, na maji yanafuata nyuma kwa osmosisi. Habari njema ni kwamba mlango huu unaendelea kufanya kazi hata katika kipindupindu. Sumu ya kile kimelea huifanya seli ya utumbo imwage chumvi ndani ya utumbo, maji yanaifuata, mgonjwa anakauka kwa saa chache. Hatuwezi kuziba mwanya ule papo hapo, lakini tunaweza kuingiza maji kwa mlango mwingine. Nairobi tumeona mlipuko ulioanza mwishoni mwa 2022, na kwa wengi waliokuja mapema pakiti ndiyo iliyotangulia, si sindano.

Sasa kipimo. Mchanganyiko ambao Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanaupendekeza tangu 2002 una gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida kwa lita, pamoja na potasiamu na sitreti. Ule wa zamani ulikuwa mkali zaidi, wakaupunguza kutoka 311 hadi 245 kwa vipimo vya wingi wa vitu vilivyoyeyuka. Damu yenyewe iko karibu na 290. Unaona? Kinywaji kimefanywa chepesi kuliko damu kidogo, ili maji yaelekee damuni.

Ukikifanya kikali unageuza njia, na hapo ndipo shemeji anapokuwa na haki. Nimempokea mtoto ambaye pakiti ya lita moja ilikorogwa kwenye chupa ya soda ya nusu lita, "iwe na nguvu". Mwingine alipewa soda yenyewe. Soda nyingi zina kama gramu 100 za sukari kwa lita, linganisha na hizo 13.5. Ikifika utumboni inatoa maji kwenye mwili badala ya kuyaingiza, kuhara kunazidi. Pakiti zipo za nusu lita na za lita nzima, kwa hiyo soma kabla ya kukoroga. Na kama pakiti haipo na duka limefungwa: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa juu, nusu kijiko cha chumvi. Usiongeze kwa huruma.

Kijana_wa_Marikiti · saa 2:20

"Usiongeze kwa huruma." Hiyo iandikwe hata pale agroveti.

Mkimbiaji_wa_Karura · saa 3:02

Nesi, nami niulize. Kwenye kikundi chetu cha mbio tunaambiana kunywa maji kila kituo, hata bila kiu. Je, mtu anaweza kuzidisha maji matupu?

Nesi_wa_Zamu · saa 3:30

Anaweza. Anayekimbia saa nyingi akinywa kupita anachotoa, chumvi ya damu inazimuliwa, maji yanaingia kwenye seli. Mguu ukivimba una nafasi. Ubongo uko ndani ya fuvu, utapanukia wapi? Kichwa kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa, degedege. Watafiti waliwapima wakimbiaji 488 waliomaliza mbio za Boston za 2002 wakakuta asilimia 13 chumvi yao ya damu imeshuka chini ya kawaida. Waliokuwa hatarini zaidi ni waliomaliza mbio wakiwa wazito kuliko walivyoanza, yaani walikunywa njia nzima, na waliochukua zaidi ya saa 4. Kunywa ukisikia kiu. Naenda kulala sasa, msiniite.

Babu_wa_Kitengela · saa 4:15

Mimi nina kisima cha kuchimbwa, maji yake yana ladha ya chumvi. Nilimwagilia nyanya misimu miwili. Msimu wa kwanza sawa, wa pili zikadumaa, udongo ukaota ukoko mweupe. Nikadhani ni ugonjwa, nikanunua dawa za kila rangi. Leo ndiyo nimeelewa. Jua linachukua maji linaniachia chumvi, kila nikimwagilia naongeza. Wanangu, hizo pesa za dawa ningefuga kuku.

Swali: duka la maji la hapa barabarani limeandika wanasafisha maji kwa osmosisi. Ni hii hii?

Mwalimu_wa_Maabara · saa 4:40

Shikamoo Babu. Ni hii hii lakini imelazimishwa kurudi nyuma. Ukiacha maji ya kisima na maji safi yatengwe na utando, maji safi ndiyo yangehamia kwenye chumvi. Pampu ya pale dukani inasukuma upande wa chumvi kwa nguvu iliyozidi ile presha ya osmosisi, maji yanavuka kinyume, chumvi na floraidi nyingi zinabaki. Ndiyo maana mashine inanguruma na bili ya stima inapanda. Pia kuna maji makali yanayotupwa pembeni. Usiyaombe ukamwagilie nyanya.

Mbishi_wa_Mtaa · saa 6:05 mchana

Mwalimu, viazi bado viko majini, nitapima jioni. Wakati nangoja nimewaza kitu. Niliwahi kusoma kwamba utando wa seli ni wa mafuta. Maji na mafuta hawaelewani, hata mtoto anajua. Basi maji yanapita wapi? Hapo nimekukamata.

Mwalimu_wa_Maabara · saa 7:12

Hapo umeuliza swali la maana kuliko yote kwenye uzi huu, na nasema bila dhihaka.

Machache yanapenya hivyo hivyo katikati ya mafuta. Lakini kuna seli zinazopitisha maji kwa kasi ambayo mafuta peke yake hayawezi kuieleza, kama chembe nyekundu za damu na seli za figo. Wanasayansi walishuku kwa miaka mingi kwamba kuna vitundu. Mwaka 1992 Mmarekani Peter Agre na wenzake walionyesha protini moja ya chembe nyekundu kuwa ndiyo kitundu chenyewe. Waliitia kwenye mayai ya chura, ambayo kwa kawaida hayapitishi maji kwa urahisi. Yalipowekwa kwenye maji mepesi yakavimba yakapasuka, yale yasiyotiwa yakabaki yametulia. Protini hizo zinaitwa akwaporini, na 2003 zilimpa Tuzo ya Nobel ya Kemia, akigawana na Roderick MacKinnon. Hata mizizi ya sukuma za Mama inazo.

Na kwa wanaopenda ya kale: Mfaransa Jean-Antoine Nollet, 1748, alijaza chombo pombe kali, akafunga mdomo wake kwa kibofu cha nguruwe, akakizamisha majini. Kibofu kikavimba kwa nje, alipokitoboa maji yakaruka. Hakuwa akitafuta osmosisi, alitaka kuzuia hewa isifikie pombe yake.

Fua_Nguo_Kasarani · saa 8:30

Kwa hiyo vidole vyangu vinavyokunjamana nikifua siku nzima ni hiyo hiyo osmosisi?

Mwalimu_wa_Maabara · saa 8:41

Hapana, na nakiri nilifundisha hivyo miaka kadhaa mpaka nikasahihishwa. Tangu miaka ya 1930 madaktari waliona kwamba kidole ambacho mshipa wake wa fahamu umekatika hakikunjamani hata ukikilowesha. Kama ingekuwa osmosisi tupu, kingejali nini mshipa? Ni mwili wenyewe unabana mishipa midogo ya damu kwenye ncha za vidole, ngozi inajivuta ndani.

Fua_Nguo_Kasarani · saa 8:44

Mwalimu anayekiri! Piga picha ukurasa.

Mama_Magunia · Jumatano, saa 1 usiku

Nimerudi. Jumatatu niliokota chembe za mbolea, zikajaa nusu kikombe cha chai, fikiria. Kisha mitungi miwili ya lita 20 kwa kila gunia, nusu asubuhi nusu jioni, na nikarudia jana. Jirani wa chini nimempelekea fungu la sukuma kutoka yale magunia mawili mazima, na ameacha kuzungumzia jicho, sasa anazungumzia dari.

Magunia mawili kati ya manne yameinuka. Majani ya zamani yamebaki na ncha kahawia lakini katikati yanatoka machanga mapya. La tatu sijui, limelala nusu. La nne nimeling'oa, mizizi ilikuwa laini ya rangi ya chai. Mwalimu, nikianza upya niweke kiasi gani?

Mwalimu_wa_Maabara · saa 1:20

Kifuniko kimoja cha soda kwa mche, mbali kidogo na shina, kwenye udongo wenye unyevu, kisha mwagilia vizuri. Kwa wiki tatu nne zijazo usitie chochote, iliyobaki humo inatosha.

Mbishi_wa_Mtaa · saa 2:02

Majibu ya viazi. Vyote nilivikata sentimita 6. Cha maji matupu: 6.3, kigumu, ukikikunja kinakatika kwa mlio. Cha chumvi: 5.5, kinajikunja kama mpira, nimekifunga karibu fundo. Cha kuchemshwa sijaona badiliko lolote, kipo vile vile, ni laini tu kwa sababu kimeiva. Nimekubali: moto uliua utando, hakuna wa kuzuia chumvi, basi nayo iliingia tu. Sisemi zaidi ya hapo.

Ila nauliza, hiki cha pili naweza kukikaanga chipsi?

Mwalimu_wa_Maabara · saa 2:09

Kaanga. Usitie chumvi.